Nitapata chuo? Maswali ya wahitimu wa kidato cha sita kuhusu kozi zenye ushindani

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwa kawaida mwezi Julai, maswali huwa yaleyale. "Nina wani ya saba, MUHAS watanichukua?" "Mwanangu ana tuu ya kumi na moja, asome nini?" Wani na tuu ni divisheni ya kwanza na ya pili, na MUHAS ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Majibu yafuatayo yanahusu shahada ya kwanza nchini Tanzania, hasa kozi ambazo waombaji ni wengi kuliko viti: udaktari, famasia, uhandisi, sayansi ya kompyuta, sheria. Jambo likiwa limekwisha elezwa mahali pengine, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Msingi

1. Nikiwa na vigezo, si nimeshapata?

Bado. Kigezo kinakupa haki ya kuomba tu. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, kiwango cha chini cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni ufaulu wa prinsipo, yaani A hadi E, katika masomo mawili yanayohusu kozi, na jumla ya pointi zisizopungua 4.0. D mbili zinatosha. Kozi nyingine huongeza masharti yake juu ya hapo, na udaktari hutaka masomo matatu badala ya mawili.

Ushindani huanza baada ya kigezo. Darasa la udaktari lina viti vichache kwa sababu vitanda vya hospitali ya kufundishia, maabara na wahadhiri ni vichache. Chuo huwapanga wote waliokidhi vigezo kuanzia wa juu kwenda chini, kisha hukata mstari pale viti vinapoisha. Mstari huo hauandikwi popote kabla, kwa sababu unategemea nani ameomba mwaka huo. Ukiona umeandikiwa kwamba una sifa lakini hukuchaguliwa kutokana na ushindani, maana yake umebaki chini ya mstari. Watu wengi hukimbilia kusema jina limechezewa, hali hesabu yenyewe inatosha kueleza.

2. Anayechagua ni TCU au chuo?

Ni chuo. Kati ya 2010 na 2016 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na TCU, na ndiyo maana kaka na dada zenu bado wanasema "niliomba TCU". Tangu udahili wa 2017/18 unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo unachokitaka. Chuo huchagua, hupeleka majina TCU yahakikiwe, ndipo orodha hutangazwa. Matokeo ya hili ni makubwa kwako: unaweza kuomba vyuo kadhaa kwa wakati mmoja na kila kimoja kikakupima bila kujali kingine kimesema nini.

3. Pointi za divisheni na pointi za TCU ni kitu kimoja?

Sicho, na hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Kwenye divisheni za Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Divisheni ya kwanza huanzia pointi 3 hadi 9, ya pili 10 hadi 12, ya tatu 13 hadi 17. Kwenye udahili mambo yanageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni 0.5. Huko pointi zikiwa nyingi ndiyo vizuri.

Kuna njia ya mkato. Kama masomo yako matatu ya kombi (mchanganyiko uliosoma) yote ni kati ya A na E, chukua 18 utoe pointi za divisheni. Mwenye wani ya 3 ana pointi 15 za udahili, mwenye wani ya 7 ana 11, mwenye tuu ya 11 ana 7. Ukiwa na S njia hiyo haifanyi kazi. Hesabu somo moja moja. General Studies haiingii katika hesabu hii.

4. Mimi na rafiki yangu wote tuna wani ya 7. Nafasi zetu ziko sawa?

Si lazima. Chukua wanafunzi watatu wa PCB. Wa kwanza ana Fizikia C, Kemia B, Baiolojia B. Wa pili ana Fizikia E, Kemia A, Baiolojia A. Wa tatu ana Fizikia A, Kemia B, Baiolojia D. Wote wana wani ya 7, na wote wana pointi 11 za udahili.

Kozi ikidai walau D ya Fizikia, wa pili anaondolewa kabla hata hajashindanishwa, pamoja na A zake mbili. Kozi ikidai walau C ya Baiolojia, anayetoka ni wa tatu. Na kozi inayotazama masomo mawili tu, tuseme Kemia na Baiolojia, wa pili anaingia na pointi 10, wa kwanza na 8, wa tatu na 6. Divisheni haisemi lolote kati ya haya. Kwa hiyo anayekuuliza "una divisheni gani?" ili akwambie utapata au hutapata, mwambie alama zako somo kwa somo, la sivyo anabahatisha.

5. Uongozi wa shule, michezo, vyeti vya mashindano: vinaongeza nafasi?

Kwa shahada ya kwanza katika vyuo vyetu, kwa ujumla hapana. Huandiki insha kujieleza na hakuna usaili. Yanayosomwa ni matokeo. Vyuo vya Marekani vina utaratibu tofauti kabisa (swali la 19).

## Kupima nafasi yako

6. Nianzie wapi kujipima?

Anzia kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho TCU hukitoa kila mwaka kwenye tovuti yake. Kipo cha wenye sifa za kidato cha sita na kingine cha wenye stashahada. Hakikisha umeshika chako, na ni cha mwaka huu. Kitafute chuo, kisha kozi, usome mambo mawili: masharti ya kuingilia na idadi ya nafasi.

Masharti yasome neno kwa neno. "Mawili kati ya masomo yafuatayo" si sawa na "lazima Hisabati na moja kati ya yafuatayo". Kozi nyingi za biashara na uchumi zina sharti la pembeni kuhusu Hisabati: kama hukuisoma kidato cha sita, utaulizwa BAM (Basic Applied Mathematics) au alama yako ya kidato cha nne. Watu huliona sharti hilo baada ya kukosa.

Ukishajua kwamba unakidhi, jiulize ni nani wengine wanaokidhi. Hapa ndipo penye kazi. Kozi inayopokea PCB tu ina waombaji wa aina moja, lakini karibu wote wanataka kitu kilekile na wanaanzia juu. Kozi inayopokea kombi sita ina waombaji wengi zaidi kwa idadi, ila kwa wengi wao ni chaguo la tatu au la nne. Kozi ya nafasi 50 katika chuo cha jijini Dar es Salaam na kozi ileile yenye nafasi 200 mkoani si kitu kimoja, hata kama masharti yameandikwa kwa maneno yaleyale.

Mwisho tafuta walioingia mwaka jana na mwaka juzi, shuleni kwenu au mtaani. Waulize walikuwa na alama gani, na waulize pia waliokosa. Waliokosa hawaulizwi, ndiyo maana kila mtu anayemjua mwanafunzi mmoja wa udaktari mwenye C tatu anadhani C tatu zinatosha.

7. Pointi za mwisho za mwaka jana zinaaminika?

Kama kipimo cha ukaribu, ndiyo. Kama ahadi, hapana. Mwaka ambao ufaulu wa sayansi umepanda kitaifa, mstari nao unapanda, na A yako inakuwa na wenzake wengi. Chuo kikiongeza nafasi, au chuo kingine kikianzisha kozi hiyohiyo, mstari unaweza kushuka. Ukiwa juu ya mstari wa mwaka jana kwa pointi mbili au tatu, una sababu ya kutulia kidogo. Ukiwa palepale kwenye mstari, jihesabu upo katikati. Na zile orodha zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp bila jina la chuo wala mwaka, ziache zizunguke.

8. Matokeo bado. Naweza kujipima kwa moko (mtihani wa majaribio)?

Unaweza kupanga kwa moko, huwezi kuomba kwa moko. Vyuo vyetu havidahili kwa alama za kukadiriwa. Moko nyingi za mkoa husahihishwa kwa mkono mgumu, na shule nyingine hubana alama makusudi ili mwanafunzi asilale. Kinachofaa kutazamwa ni umbo la alama: kama Fizikia imekuwa ikikuangusha tangu kidato cha tano, usitarajie iwe A mwezi Mei. Andaa mipango miwili, mmoja wa alama unazozitumaini na mwingine wa alama ambazo umekuwa ukizipata kweli.

9. Udaktari ni MUHAS peke yake?

La hasha. MUHAS pale Upanga ndiyo inayovuta wengi, lakini shahada ya udaktari inatolewa pia Bugando jijini Mwanza kwa CUHAS, Moshi kwa KCMC, Chuo Kikuu cha Dodoma, Mbeya kupitia tawi la afya la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ifakara kwa Mtakatifu Fransisko, Chuo Kikuu cha Kairuki (zamani Hubert Kairuki) jijini Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Ni miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Mgonjwa hatakuuliza ulisomea wapi, na usajili wa udaktari ni uleule. Tofauti kubwa iko kwenye ada, hasa kwa vyuo visivyo vya serikali (swali la 14).

10. Machaguo niyapange vipi?

Mifumo ya vyuo hukuruhusu kupanga kozi kadhaa kwa kipaumbele. Kosa linalojirudia kila mwaka ni mwanafunzi wa PCB kujaza udaktari, udaktari wa meno, famasia, kisha maabara, katika chuo kimoja kinachogombewa kuliko vyote. Huyo anadhani amejiwekea akiba nne, kumbe amebeti mara nne kwenye timu moja.

Panga kwa ngazi. Weka juu kozi unayoitamani hata kama nafasi ni finyu, kwa sharti kwamba unakidhi kila kigezo. Katikati weka kozi ambazo walioingia mwaka jana walikuwa na alama kama zako. Chini weka kozi moja au mbili ambazo unazizidi vizuri, na ambazo ukipangiwa utakwenda kweli. Kozi ya chini usiyoitaka haina faida: utapangiwa, utaikataa, na utaingia awamu ya pili viti vya maana vikiwa vimekwisha.

Halafu tawanya vyuo. PCB mwenye pointi 9 anayeomba Mwanza, Dodoma na Mbeya pamoja na Dar es Salaam ana nafasi nzuri kuliko mwenye pointi 10 aliyeomba Dar es Salaam peke yake. Na usiwasahau Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wa Morogoro: tiba ya mifugo ni fani nzito inayodharauliwa na watu wasioijua.

## Maombi yenyewe

11. Nipo Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) au nimeitwa kambini. Nani ataniombea?

Walioitwa kwa mujibu wa sheria mara nyingi hukutana na dirisha la udahili wakiwa kambini. Kabla hujaondoka, keti na mzazi au ndugu unayemwamini, mwachie namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, na mipango yako miwili (swali la 8) ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Usimwachie maelezo ya mdomo. Mjomba akifika steshenari na kuulizwa "chaguo la tatu?", atataja kozi aliyoisikia redioni.

12. Steshenari wakinijazia kuna shida?

Kujaziwa si shida. Shida ni pale wanapoweka namba ya simu na barua pepe yao ili kazi iende haraka. Ujumbe wa kuthibitisha utakwenda kwao, na wewe utajua siku dirisha limefungwa. Hakikisha namba iliyowekwa ni yako au ya mzazi, nenosiri umeliandika, na umeona kwa macho yako orodha ya kozi kabla haijatumwa.

13. Nimechaguliwa vyuo viwili. Nifanye nini, na nikikosa kabisa?

Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa namba maalumu inayotumwa kwake. Usipothibitisha unaweza kupoteza vyote. Ukithibitisha kwa pupa kisha ukabadili mawazo, utaanza kuomba kufutiwa uthibitisho huku siku zinakwenda.

Ukikosa awamu ya kwanza, soma orodha ya kozi zilizobaki na nafasi kabla ya kuomba tena. Udaktari katika vyuo vikubwa hujaa mapema. Kuuomba tena palepale kwa alama zilezile ni kupoteza awamu. Hapo ndipo machaguo ya katikati na ya chini ya swali la 10 yanapofanya kazi.

## Fedha

14. Nikipata kozi, mkopo nao umepatikana?

Hapana, ni maombi mawili tofauti. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ina dirisha lake, vigezo vyake vya uhitaji, na nyaraka zake. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na wakala wa usajili, RITA, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi vilevile. Anza uhakiki mapema, maana foleni huwa ndefu mwezi ambao kila mtu anauhitaji. Kwa Wazanzibari ipo pia bodi ya Zanzibar.

Mkopo unaweza kuwa wa sehemu tu. Katika chuo kisicho cha serikali chenye ada ya mamilioni kwa mwaka, pengo hilo mtalilipa nyumbani kwa miaka mitano, kwa hiyo lizungumzeni kabla ya kuthibitisha. Waliofanya vizuri sana kwenye sayansi watazame ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23.

## Kesi za pembeni

15. Nimepata S au F ya somo moja la kombi. Ndoto imekwisha?

Inategemea somo na kozi. S si prinsipo, kwa hiyo PCB mwenye S ya Fizikia hawezi kuingia udaktari hata Kemia na Baiolojia zikiwa A. Lakini kozi nyingi za kilimo, mazingira, sayansi ya chakula na ualimu wa sayansi hutazama mawili. Kwa PCM anayetaka uhandisi, Fizikia na Hisabati hazikwepeki. Kemia ndiyo inayoweza kuvumiliwa katika baadhi ya fani.

16. Nirudie mtihani au niende stashahada?

Kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea kuna maana kama ulikosa kidogo na unajua kilichokuangusha: uliugua, au mada fulani hazikufundishwa. Kama uliangushwa na somo ambalo hujawahi kulipenda, mwaka mmoja wa kusoma peke yako bila maabara hauwezi kulibadilisha sana.

Stashahada ni njia ndefu yenye ardhi ngumu chini yake. Mwenye stashahada ya utabibu ana kazi mkononi, na anaweza kuomba shahada ya udaktari akiwa na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne. Kumbuka tu kwamba 3.0 nayo ni kigezo cha chini, na yaliyosemwa kwenye swali la 1 yanarudi palepale. Utahitaji pia AVN, yaani namba ya uhakiki wa stashahada, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi; iombe kabla dirisha halijafunguliwa. Kwa waliopungukiwa pointi kabisa ipo programu ya awali ya Chuo Kikuu Huria, nayo inadai GPA ya 3.0.

17. Nilisoma Cambridge. Naomba vipi?

Unahitaji ulinganifu wa matokeo kutoka NECTA. Matokeo ya Cambridge ya Mei na Juni hutoka katikati ya Agosti, wakati awamu ya kwanza inaweza kuwa inakaribia kufungwa, kwa hiyo andaa nyaraka zote mapema ibaki karatasi ya matokeo tu.

18. Nilimaliza 2014 au 2015. Pointi zangu zinahesabiwaje?

Kwa njia yake. Miaka hiyo miwili kulikuwa na B+, na TCU huhesabu A kuwa 5, B+ kuwa 4, B kuwa 3, C kuwa 2, D kuwa 1 na E kuwa 0.5. Kiwango cha chini ni C mbili zenye jumla ya pointi 4.0. Usitumie njia ya mkato ya swali la 3.

19. Nikiomba nje ya nchi je?

Vyuo vikubwa vya Marekani hufunga maombi kati ya Novemba na Januari, miezi kadhaa kabla ya mtihani wako wa Mei, na hutaka insha, barua za walimu na rekodi ya shule. Anayeanza kufikiria Julai amechelewa kwa mwaka huo. Vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havitazami uwezo wa kulipa wakati wa kuchagua hata kwa mwanafunzi wa kigeni, na hugharimia pengo la fedha. Navyo huchukua wachache sana. Masharti ya viza za wanafunzi kwa baadhi ya nchi za Afrika yalikazwa mwaka 2025, basi yasome yaliyopo sasa kabla ya kulipia chochote.

Kuhusu mawakala wa udaktari wa nje wanaosema "hata kwa D na E unaingia": chuo cha huko kinaweza kukupokea kweli. Swali la kumuuliza wakala ni kama TCU itaitambua shahada hiyo na kama Baraza la Madaktari Tanganyika litakusajili ukirudi. Akijibu kwa mdomo, mwombe aandike.

20. Niingie kozi yoyote, kisha nihamie ninayoitaka?

Uhamisho upo, lakini kwa kozi zinazogombewa ni mlango mwembamba kuliko ule uliokukataa. Unatakiwa uwe na sifa za kozi unayohamia, nafasi iwepo, na utaratibu ukamilike ndani ya muda uliowekwa. Na kiti cha udaktari kikibaki wazi, wapo wengi wanaokisubiri. Mkopo nao hufuata kozi, kwa hiyo wasiliana na ofisi ya mikopo ya chuo kabla hujajaza fomu. Ingia kozi ambayo utaikubali hata kama uhamisho hautatokea.